Theluji Juu ya Paa, Theluji Juu ya Kaburi

Lipo lalamiko moja la haki ambalo husikika kila mashairi ya nchi za baridi yatajwapo mbele ya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Husemwa kwamba watoto wa Mombasa, Tabora na Kisumu walikaririshwa zamani beti za theluji na maua ya Uingereza, wakapewa alama za mtihani kwa vitu ambavyo macho yao hayakupata kuviona, na huku nyimbo za bibi zao zikiachwa nje ya mlango wa shule. Lalamiko hili ni la kweli, wala halifai kufichwa. Lakini kosa lilikuwa la mafundisho, si la theluji. Shairi haliwi geni kwa sababu limetaja kitu ambacho msomaji hajakiona. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawajaona jangwa la Arabuni, na tenzi zitajazo jangwa hilo na vita vyake zimekaa nao kama wenyeji. Shairi huwa geni linapofundishwa kama orodha ya majina ya vitu, bila ya mtu kuuliza vitu hivyo vinafanya nini katika maisha ya wale wanaosimuliwa.

Mwezi wa Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule baridi tu. Huko London mwanajiografia W. D. Cooley alikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na mstari wa Ikweta, akashikilia ubishi wake kwa miaka. Katika watu hao watatu, mmoja alileta habari, mmoja alileta kiburi cha vitabu, na yule kiongozi, ambaye hakuwa na haja ya jina la kigeni, alisema jambo lifaalo zaidi kwa mchambuzi wa mashairi: hakutaja rangi wala umbo, alitaja tendo la kile kitu katika mwili wa mtu. Neno theluji lilifika katika Kiswahili kutoka kwa Waarabu. Neno barafu asili yake ni Uajemi, na huko maana yake ndiyo theluji yenyewe; Waswahili wamelihamishia maji yaliyoganda. Basi lugha ilikuwa na majina mawili ya kitu hiki kabla ya wasemaji wake walio wengi kukigusa, na pengo lililobaki si la msamiati.

Shairi moja linalofaa kupimwa kwa kipimo cha kiongozi yule ni *Snow-Bound* la Mmarekani John Greenleaf Whittier, lililotolewa Boston mwezi wa Februari 1866. Jina lake laweza kusemwa kwa Kiswahili "Waliofungiwa na Theluji". Ni masimulizi ya mistari zaidi ya 700 juu ya tufani ya theluji iliyoifunga nyumba ya wazazi wa mshairi alipokuwa mtoto, katika shamba lililo karibu na mji wa Haverhill, jimbo la Massachusetts. Nyumba hiyo ilijengwa na babu wa ukoo yapata mwaka 1688, na mpaka leo imesimama, imehifadhiwa kwa ajili ya wageni. Whittier alizaliwa humo tarehe 17 Desemba 1807. Jamaa zake walikuwa wa madhehebu ya Marafiki, yale yenye wafuasi wengi magharibi ya Kenya tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902. Watu wa ibada ya kimya, wasiopenda vita wala mapambo.

Kwa muda mrefu shairi hili limesomwa kama picha tamu: nje baridi, ndani moto, nje upepo, ndani matofaa yanayochemka kando ya majivu. Wasomaji wa kwanza walilinunua kwa maelfu, na mtunzi aliyekuwa ameishi kwa dhiki miaka mingi akapata utulivu wa fedha. Karne iliyofuata ilimlipa kwa dharau. Yeye na wenzake, akina Longfellow na Lowell, waliitwa washairi wa mekoni, kwa maana ya watu waliowafariji wenye nyumba nzuri waketipo na watoto wao jioni. Waliosifu na waliodharau wamekubaliana katika jambo moja, kwamba shairi ni la faraja. Hapo ndipo pa kuwapinga wote wawili. Mwenye kulisoma shairi hili kwa makini ataona kwamba moto wake umewashwa karibu na makaburi, na kwamba mlango wa nyumba hiyo haukufungika sana kama watu walivyodhani.

Lianze jambo la tufani yenyewe, kwa kuwa mshairi huyu ni mkulima kabla ya kuwa mshairi, na ukweli wa habari zake unastahili heshima. Shairi linafungua kwa jua la Desemba lililochoka, linalotoa nuru haba adhuhuri. Kisha upepo unavuma kutoka mashariki, na mngurumo wa bahari ya Atlantiki, iliyo maili kadha kutoka shambani, unasikika bara. Msomaji wa pwani aliyelelewa na wazee wanaojua siku ya kugeuka kusi na siku ya kuingia kaskazi hana haja ya mwalimu hapa. Tufani kubwa za pwani ile huzaliwa pale hewa ya baridi ya bara inapokutana na hewa ya unyevu ya bahari. Upepo huanza kutoka mashariki au kaskazini-mashariki ukileta maji. Kiini cha tufani kikiisha kupita, hugeuka ukawa wa kaskazini, mkavu na mkali. Whittier anafuata mpango huo bila ya kuueleza: mashariki kwanza, theluji usiku na mchana, kisha kaskazini inayonguruma katika dohani. Wingi wa kitu kinachoanguka haukutiwa chumvi. Tufani ya tarehe 6 na 7 Februari 1978 iliacha mjini Boston karibu sentimeta 69 za theluji, na maelfu ya magari yakakwama katika barabara kuu iuzungukayo mji. Na hizo zilikuwa zama za mashine. Mkulima wa miaka ya 1810 alikuwa na koleo na ng'ombe.

Kabla ya theluji kuanguka, shairi linataja kazi za jioni. Kuni zinaletwa ndani. Nyasi zinapelekwa kwa ng'ombe. Farasi analia akitaka nafaka, na jogoo anasimama juu ya upondo wake kama askari mwenye kofia. Wachambuzi wengi hupita hapa mbio ili wafike motoni, na hilo ni kosa, maana ndipo ulipo msingi wa nyumba nzima. Mtu hafungiwi na theluji kwa raha ila kama kiangazi kilichopita kilifanyiwa kazi. Matofaa yatakayochomwa yalichumwa, njugu zilizo kapuni ziliokotwa msituni Oktoba, magogo yalikatwa yakakaushwa. Nyumba isiyokuwa na akiba hayo yote ingalikuwa jeneza. Mshairi hasemi hivyo kwa maneno. Huhesabu kazi moja baada ya moja, na hesabu hiyo ndiyo hoja. Wakulima wa bara wanaojua maana ya ghala kabla ya masika wataelewa upesi kuliko msomaji wa mjini, awe wa Boston au wa Dar es Salaam.

Asubuhi ya pili dunia haijulikani. Vitu vya uani vimepotea katika maumbo mengine: banda la nguruwe na ghala la mahindi vimekuwa makuba, nguzo ya kufungia farasi imekuwa mzee aliyevaa joho na kofia ndefu, kisima kimepata paa la Kichina, na mti mrefu wa kuvutia maji umeinama kama mnara wa Pisa. Baba, ambaye shairi linamchora kuwa mtu asiyepoteza pumzi kwa maneno, anawaamuru wavulana wakate njia. Wanachimba, na pale theluji ilipozidi kimo wanatoboa handaki lenye kuta za kumetameta, wakalipa jina la pango la Alaadini. Jina hilo litamfanya msomaji wa Kiswahili atabasamu. Katika shamba la Massachusetts na katika baraza za Unguja watoto wamelishwa Alfu Lela Ulela moja, na mtoto wa theluji akitafuta neno la ajabu iliyo mbele yake, analikuta Mashariki.

Hapa pana faida ya kumtaja Ralph Waldo Emerson, ambaye shairi lake fupi la tufani ya theluji lilichapishwa mwaka 1841, na ambaye Whittier mwenyewe alimwazima maneno akayaweka mbele ya kazi yake. Emerson anaanza na watu wa nyumbani walioketi motoni, lakini hawakawii kuachwa. Jicho lake linatoka nje kumtazama upepo wa kaskazini, fundi mwashi asiyejali hesabu wala vipimo, anayejenga kwa usiku mmoja minara ambayo wasanii wa binadamu wataiga kwa miaka, jiwe kwa jiwe. Ni shairi la akili kali, na kwa ustadi wa mstari mmoja mmoja linamshinda Whittier pasi na mashindano. Lakini watu wake hawana majina. Hakuna ajuaye ni nani aliyeketi pale motoni, wala kama yu hai. Whittier anatazama kazi ile ile ya upepo kwa kurasa chache, anacheka nayo, kisha anageuka na kuingia ndani, na mlango ukiisha kufungwa anaanza kuwataja watu wake mmoja mmoja. Tofauti ya mashairi mawili haya ni tofauti ya mtu aliyeona tufani na mtu aliyekaa nayo nyumbani.

Moto unawashwa jioni kwa taratibu ya ibada: gogo kubwa la mwaloni nyuma, jingine juu yake, kuni zenye mafundo mbele, vijiti vikavu katikati. Chumba cha zamani chenye kuta za chokaa kinachanua kwa wekundu. Ndipo linapotokea jambo dogo lenye thamani kuu katika shairi zima. Uani, karibu na dirisha, kuna kichaka cha maua kilichopukutika majani yote. Nuru ya moto wa ndani inapiga kioo, na watoto wanaona moto wao wenyewe ukiwaka nje, katikati ya theluji, ndani ya matawi makavu, bila ya kuyaunguza. Msomaji wa vitabu vya dini atakumbuka kichaka cha Nabii Musa. Mshairi halisemi hilo. Wala halikuhitaji kusemwa. Jambo la kutazama ni kwamba moto wa nje ni kivuli. Unaonekana mahali ambapo hauko, unawaka na hautoi joto. Msomaji akifika mistari inayofuata atajua kwa nini picha hiyo iliwekwa hapo.

Maana mara tu baada ya moto kukolea, mbwa akiwa amejinyosha na kivuli cha paka kikiwa chui milia ukutani, mshairi anakatiza masimulizi yake. Anaulilia wakati na mageuzi yake. Anakumbuka kwamba nywele zake sasa ni za mvi kama za baba yake siku ile, na kwamba katika watu wote walioangaziwa na moto ule wamebaki wawili tu, yeye na ndugu yake. Kwa hakika baba alikuwa amekufa mwaka 1830, na mama mwaka 1857. Dada mdogo Elizabeth, aliyekaa naye maisha yote kwa kuwa wote wawili hawakuoa wala kuolewa, alikufa mwezi wa Septemba 1864. Shairi liliandikwa mwaka uliofuata. Mtunzi amelitabarukia kwa kumbukumbu ya watu wa nyumba ile, na ni wafu takriban wote. Basi chumba kile chenye wekundu ni sawa na kile kichaka cha uani: moto unaoonekana mahali ambapo hauko.

Baada ya hapo wanakuja wasimulizi. Baba anasimulia safari zake za ujanani katika misitu ya kaskazini na chakula alichokula na wawindaji. Mama, huku anasokota uzi, anasimulia mashambulizi ya Wahindi Wekundu katika kijiji cha zamani. Mjomba, asiyejua vitabu, anazijua ishara za mawingu na njia za wanyama. Shangazi ambaye hakuolewa anahesabu sherehe na safari za usichana wake, bila ya uchungu. Sehemu hii ni ndefu, na si yote yenye uhai sawa. Mjomba amechorwa vizuri kuliko wote, kwa sababu mshairi anampenda bila ya kumheshimu kupita kiasi. Dada mkubwa amepewa sifa nyingi mno hata haonekani. Mgeni wa kike mwenye hasira na ibada, aliyekuja kuzunguka nchi za Mashariki akingoja mwisho wa dunia, anatia chumvi iliyohitajiwa, maana nyumba yenye watu wema watupu ingechosha.

Lakini kitovu ni Elizabeth. Mshairi anamweka chini ya meko, miguuni pa wakubwa, akisikiliza kwa macho makubwa. Kisha anasema kwamba mwaka mmoja tu uliopita alikuwa naye, na kwamba uzito wa baridi wa theluji umelala miezi mingi juu ya kaburi lake. Wasomaji wengi hupita hapa kwa huruma na hawasimami. Inafaa kusimama. Tangu mwanzo wa shairi theluji imekuwa mlinzi: imefunga njia, imewakusanya watu, imewapa watoto pango la Alaadini, imeifanya nyumba iwe nyumba. Sasa theluji ile ile, kwa jina lile lile, iko juu ya paa jingine lisilokuwa na dohani. Imemfungia mtu mmoja peke yake. Furaha ya mtoto na msiba wa mzee vimetengenezwa kwa kitu kimoja. Whittier, ambaye mara kwa mara hawezi kujizuia kueleza, hapa hakueleza. Hakusema, tazama jinsi theluji ilivyogeuka. Ameiacha ianguke mara ya pili.

Basi wanaoliita shairi la faraja wamesoma nusu. Na wanaolidharau kwa sababu hiyo wamesoma nusu ile ile.

Liko jambo la pili, nalo lamhusu msomaji wa Afrika moja kwa moja. Watoto waliofungiwa wanapitisha wakati kwa hadithi, kwa vitendawili, na kwa kugugumia shairi walilolikariri katika kitabu cha shule. Shairi hilo linatajwa kwa mstari wake mmoja: ni lile la mkuu wa Gambia, lililotungwa mwishoni mwa karne ya 18 na Sarah Wentworth Morton, mwanamke wa Boston, juu ya Mwafrika aliyekamatwa akakataa kuishi mtumwa. Kwa hiyo, katika nyumba iliyozibwa na theluji, mahali ambapo hata moshi wa jirani hauonekani, Afrika imo. Imeingia kwa kinywa cha mtoto asiyejua anachokisema. Na mshairi anatamka wazi kwamba katika miaka iliyofuata, nchi nzima ilipokuwa udongo mkononi mwa utumwa, sauti ile ya kukariri ilimrudia mara nyingi kama tarumbeta ya mbali.

Haya si maneno ya mtu wa mekoni. Whittier alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi tangazo la Chama cha Kupinga Utumwa cha Marekani kilipoundwa Philadelphia mwezi wa Desemba 1833. Mwezi wa Mei 1838 jengo la wapinga utumwa katika mji huo, lililokuwa na ofisi ya gazeti lake, lilichomwa na kundi la watu siku chache baada ya kufunguliwa. Aliyeandika juu ya moto wa gogo la mwaloni aliwahi kuona kazi yake ikiteketea kwa mikono ya wananchi wenzake. Na shairi lilipotoka, vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miezi 10 iliyopita, na sheria ya kuondoa utumwa ilikuwa imethibitishwa Desemba 1865. Ndiyo maana anapomchora mwalimu wa shule, kijana mcheshi aliyeketi kati ya watoto, anatoka ghafula kutamani vijana kama yeye waende kusini, nyuma ya njia ya damu ya vita, wakafundishe walioachwa huru. Kwa upande wa ufundi, mruko huo ni mbaya. Meko inasahauliwa, na sauti inakuwa ya jukwaani. Kwa upande wa ukweli, shairi lingekuwa uongo bila yake. Mtu aliyetumikia jambo moja kwa miaka 30 hawezi kuketi motoni akajifanya hakulijua.

Hata hivyo haki itendeke mpaka mwisho. Mkuu wa Gambia anatajwa, lakini hazungumzi. Anasemewa na mtoto anayegugumia maneno ya mwanamke wa Boston. Wahindi Wekundu, wenye ardhi ile kabla ya mwaka 1688, hawaingii nyumbani ila katika hadithi ya mama ya kutisha, na wavulana wanasikiliza wakiwa salama juu ya ardhi hiyo. Na pamba? Bandari ya Salem iko katika wilaya moja na Haverhill, wilaya ya Essex. Mwaka 1833 Wamarekani walifanya mkataba na Sayyid Said, na mwaka 1837 mtu wa Salem, Richard Waters, akawa balozi wao wa kwanza Unguja. Nguo iliyouzwa pwani kwa jina la merikani ilifumwa katika viwanda vya jimbo hilo kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini, na meli zikarudi na pembe na sandarusi. Mwaka uliotoka shairi, soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Halikufungwa mpaka 1873. Whittier hakuyataja mambo ya Unguja, wala halaumiwi kwa kutotaja kila kitu. Yatosha kusema kwamba theluji inayofunga njia za shamba haikupata kufunga njia za dunia, na shairi lenyewe, kwa mstari ule mmoja wa Gambia, limekiri.

Lililobaki ni suala la tafsiri, ambalo wanafunzi wengine wamelijaribu kwa vipande. Kishawishi cha utenzi ni kikubwa. Mstari wa Whittier una silabi 8, na kipande cha utenzi kina mizani 8; mtu atadhani mfuko mmoja utaingia katika mwingine. Lakini Kiingereza ni lugha ya maneno mafupi. Theluji peke yake inakula mizani 3, na waliofungiwa inakula 6. Mstari mmoja wa asili utahitaji vipande viwili, na shairi la mistari 700 litakuwa utenzi wa beti karibu 400. Hilo si balaa. Watunzi wa Lamu na Pate walikwenda mbali zaidi. Balaa ni vina. Whittier anafunga mistari miwili miwili, na kufunga huko kwa upesi kunafanana na mazungumzo ya usiku: mmoja anasema, mwingine anaitikia. Utenzi unakusanya vipande vitatu kwa kina kimoja na kukiacha cha nne kwa bahari, na mwendo wake ni wa msafara, si wa kikao. Sehemu za tufani zitastawi katika utenzi. Sehemu za meko huenda zikahitaji nathari yenye mizani iliyofichika.

Maneno nayo yana mitego. Aliyefasiri majira yale kwa neno kipupwe amefanya kosa la heshima lakini ni kosa: kipupwe hutamaniwa, watu wa pwani huketi nje kukipokea. Meko nayo si ile. Katika nyumba nyingi za Kiswahili moto ni wa jikoni, ni wa kupikia, na kikao cha watu ni barazani, nje ya mlango, mahali ambapo mpita njia husalimiwa. Kumwambia msomaji wa Lamu kwamba moyo wa nyumba ni moto ni kumtaka ageuze nyumba ndani nje. Msomaji wa Kilimanjaro au wa nyanda za juu, ambaye babu zake walikaa na moto katikati ya nyumba na ng'ombe upande mmoja, hatahitaji tanbihi. Mfasiri na aandike akimkumbuka huyo wa pili, na wa kwanza atafuata, kama alivyowafuata watu wa jangwani katika tenzi za vita.

Mwisho wa shairi ni dhaifu. Njia inafunguliwa na wakulima na ng'ombe wao, daktari anapita na kumwita mama akauguze jirani mgonjwa, na baada ya juma moja gazeti linafika na habari za Ugiriki na za Amerika ya Kati. Hayo ni mazuri, hasa yule mama anayetoka motoni kwenda kwa mgonjwa, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuonyesha kwamba akiba ya nyumba si ya wenye nyumba peke yao. Lakini baada ya gazeti mshairi anamwita malaika wa kumbukumbu afunge kitabu, anaomba radhi, anawaza wasomaji wake wa mjini, na kurasa zinapoa. Afadhali angaliishia usiku, pale wavulana walipolala darini wakisikia mbao zikilia kwa upepo, na vumbi la theluji likipenya katika nyufa za ukuta na kuwaangukia usoni, kabla usingizi haujawachukua.

Mfasiri ashike jambo moja katika mistari hiyo yote. Theluji inayopenya usoni mwa wavulana, theluji inayoziba mlango, na theluji iliyolala juu ya Elizabeth ni neno moja katika asili. Kiswahili, kwa kuwa kina majina mawili, kitamshawishi aandike theluji pale na barafu hapa, ili asirudie. Arudie.